Kabla ya "Umepigwa" Kulikuwa na "Mlanguzi": Historia ya Bei ya Kuruka Bongo

Jamaa anashuka Kariakoo Jumamosi asubuhi na hela ya mshahara. Anatoka na raba kali, kalipa elfu themanini, roho kwatu. Jioni anatinga nazo kijiweni. Wanamsifia kidogo, halafu linakuja lile swali: "Umechukua kwa ngapi?" Akitaja tu, kijiwe kizima kinalipuka kwa kicheko. Kumbe duka la tatu kutoka pale aliponunua, raba zile zile ni elfu arobaini na tano.

"Kaka, umepigwa!"

Wiki nzima hiyo ndiyo habari ya mtaa. Kila akipita anaulizwa kama hajauziwa na daraja la Kigamboni.

Stori ya namna hii kila mtu anayo, na kila mtu anajua inavyoisha: anayechekwa ni aliyenunua. Aliyeuza hata hatajwi. Hakuna anayeuliza ni nani, yuko duka gani, wala kama kesho atampandishia mwingine. Yeye kashalala zake na elfu thelathini na tano ya bure.

Haikuwa hivi siku zote. Waulize wazazi, au vizuri zaidi waulize babu na bibi waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wao walikuwa na neno jingine kwa bei za namna hii, na neno hilo halikumcheka mnunuzi. Lilimnyooshea kidole muuzaji, na kuna kipindi liliweza kumfikisha jela. Neno lenyewe ni ulanguzi.

KULANGUA NI NINI HASA?

Kulangua ni neno la biashara. Linahusu kununua mali na kuiuza kwa faida. Lakini kwenye midomo ya watu likahamia upande mmoja: kuuza kitu kwa bei iliyopita kiasi, hasa wakati kitu chenyewe kimeadimika na mnunuzi hana pa kwenda. Anayefanya hivyo ni mlanguzi. Kazi yake ni ulanguzi. Aliyefanyiwa amelanguliwa.

Hapo penye "hana pa kwenda" ndipo penye uzito. Kitu kuwa ghali peke yake sio ulanguzi. Simu ya milioni tatu ni ghali, ila hakuna aliyekushika shati uinunue, na za laki mbili zipo. Ulanguzi unaingia pale mwenye mali anapojua kwamba una shida, kwamba mali iko kwake tu, halafu anaikamua ile shida mpaka tone la mwisho. Ndio maana neno linakaa vizuri kwenye sukari, sabuni na nauli, lakini halikai kwenye pafyumu ya bei mbaya.

Sambamba nalo kulikuwa na msemo mtamu kweli: bei ya kuruka. "Anauza kwa bei ya kuruka." Sasa fikiria kidogo. Ili bei iruke, lazima kuwe na kitu inachokiruka. Kitu hicho kilikuwepo, tena kiliandikwa na serikali.

ENZI ZA BEI YA SERIKALI

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, njia kuu za uchumi ziliwekwa mikononi mwa umma. Lugha nayo ikabadilika. Kwenye mikutano na redioni yakatawala maneno kama mnyonyaji, kupe na mirija. Mfanyabiashara binafsi akawa anatazamwa kwa jicho la wasiwasi kabla hata hajataja bei.

Mwaka 1973 ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa, na kazi yake ilikuwa kupanga bei za bidhaa nchi nzima. Mali zilipita kwenye mashirika ya umma, na mikoani kulikuwa na kampuni za biashara za mikoa ambazo watu wa enzi hizo wanazijua kwa herufi tatu tu, RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Mkulima wa Songea na karani wa Dar wote wanajua sabuni ni shilingi ngapi, hakuna wa kuwadanganya. Shida ilianza pale sabuni yenyewe ilipokata.

Na ilikata kwa sababu nyingi zilizopandana. Bei ya mafuta duniani ilipanda sana mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Ukame ukapiga mashamba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Kuanzia Oktoba 1978 nchi ikaingia vitani na majeshi ya Idi Amin, vita ya Kagera, na vita haijawahi kuwa rahisi mfukoni. Fedha za kigeni zikaisha. Viwanda vikakosa malighafi na vipuri, vikawa vinazalisha kidogo kuliko uwezo wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, dawa ya meno na khanga vilikuwa vitu vya kuwindwa. Watu walipanga foleni alfajiri kabla hawajajua hata kinachouzwa ni nini. Wengine waliacha jiwe liwashikie nafasi wakaenda kwenye shughuli zao. Ukijuana na kigogo ulipata kimemo, kile kikaratasi cha "mpatie huyu", na kimemo kilipita foleni nzima kama hakuioni.

Basi kitu kimoja kikawa na bei mbili. Bei ya serikali ilikuwa nafuu, ila dukani hakuna kitu. Bei ya kuruka ilikuwa ya kutoa machozi, ila mzigo upo, nyuma ya nyumba, usiku, kwa kunong'onezana. Aliyekaa katikati ya bei hizo mbili ndiye mlanguzi.

MWAKA WALIOTUPA MALI

Februari 1983 Edward Moringe Sokoine alirudi kwenye nafasi ya Waziri Mkuu. Mwezi uliofuata, mwishoni mwa Machi, msako ukaanza nchi nzima. Walanguzi sasa walikuwa na jina kubwa zaidi: wahujumu uchumi. Yaani bei ya kuruka ilitoka kuwa lalamiko la foleni, ikawa uhalifu dhidi ya taifa.

Watu walikamatwa kwa mamia. Maghala na nyumba zikapekuliwa. Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba wenye mali walianza kuzitupa wenyewe usiku. Bidhaa ziliokotwa vichakani na kando ya barabara, zile zile ambazo wiki iliyopita ulikuwa huzipati hata kwa kupiga magoti. Wazee wanaikumbuka hiyo kuliko hotuba zote za wakati ule. Kwa wengi ilikuwa ushahidi wa macho: kumbe vitu vilikuwepo, vilifichwa!

Ikatungwa sheria maalumu mwaka huo huo, na baraza maalumu la kusikiliza kesi. Ilikuwa kali kwelikweli. Mshtakiwa hakuwa na dhamana, hakuwa na wakili, hakuwa na rufaa. Wanasheria walilalamika, na mwaka 1984 ikaletwa sheria nyingine iliyozirudisha kesi hizo kwenye mfumo wa kawaida zaidi wa mahakama na kuruhusu utetezi. Neno "uhujumu uchumi" lenyewe halikuondoka. Mpaka leo unalisikia kwenye habari za mahakamani.

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akiwa na miaka 45. Kila Aprili jina lake linarudi mitandaoni, na kila likirudi kuna mtu ataandika kwamba angekuwepo leo, hizi bei zisingekuwepo.

NENO LINAPOMKAMATA ASIYEHUSIKA

Hapo ndipo stori inapohitaji utulivu. Msako uliwapata waliokuwa wanaficha mali kweli. Lakini ulipita pia juu ya watu wadogo, wenye kaduka kao na akiba kidogo, ambao hawakujua tena mstari uko wapi kati ya kuweka mzigo wa mwezi na kuhujumu nchi.

Na kuna jambo ambalo neno mlanguzi lilishindwa kulieleza. Hata ungewafunga walanguzi wote, kiwanda kisicho na malighafi hakitoi sabuni. Mali zilizofichwa ziligawiwa zikaisha, na foleni zikarudi pale pale. Mlanguzi alikuwa anakula kwenye uhaba. Kuutengeneza uhaba wote ule peke yake hakuweza. Lakini uhaba hauna sura, hauwezi kusimamishwa kizimbani. Mlanguzi ana sura, ana duka, ana jina, na mara nyingine ana asili ambayo jirani zake walikuwa wanamtafutia sababu tangu zamani.

Kwa hiyo neno lilikuwa na nguvu mbili. Lilimlinda mnyonge asikamuliwe, na lilimpa mtu mwenye hasira sehemu ya kuitupia.

MAJIRANI NAO WALIKUWA NA YAO

Bongo haikuwa peke yake. Uganda, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, maduka na viwanda viligawiwa watu wengi ambao hawakujua kuviendesha. Bidhaa zikapotea, na biashara ya chini kwa chini ikashika nchi. Jina lake lilikuwa la Kiswahili: magendo. Waliotajirika kwenye mgao ule nao wakapewa jina, mafuta mingi. Mwalimu wa Kiswahili angesahihisha iwe "mafuta mengi", lakini mtaa ulishaamua, na kila mtu alielewa ni watu gani wanaong'aa wakati wengine wamepauka.

Kenya neno lile lile la ulanguzi lilichukua njia nyingine. Ukisoma habari za huko leo, mlanguzi mara nyingi ni wa dawa za kulevya, na ulanguzi wa binadamu ni biashara haramu ya kusafirisha watu. Kwa hiyo Mtanzania akisema konda wa basi ni mlanguzi, Mkenya anaweza kushtuka akidhani kuna kete zimekamatwa chini ya siti. Kwa bei ya kuonewa, Mkenya atakwambia amepunjwa.

RUKSA, NA BEI IKAKOSA CHA KURUKA

Mambo yalianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezitoa wapi. Novemba 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. 1986 kukawa na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagika, na orodha ya vitu vyenye bei ya serikali ikafupishwa mwaka hadi mwaka mpaka vikabaki vichache.

Hapo msemo wa bei ya kuruka ukaanza kufa kifo cha kawaida. Kama hakuna bei iliyoandikwa ukutani, bei inaruka nini? Kila muuzaji akawa na yake, na kila mnunuzi akaambiwa aongee vizuri atapunguziwa.

Na hapo ndipo lugha ilipogeuka. Soko likiwa huru, kukubali bei ni uamuzi wako. Ukilipa mara mbili, tatizo ni lako, hukuuliza, hukuzunguka, ni mshamba. Angalia maneno yaliyokuja kushika mjini: kupigwa, kulizwa, kuingizwa mjini, kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Yote yanamtazama aliyeumia. "Kuingizwa mjini" ndilo linalosema wazi kuliko yote: umelipia ugeni wako.

Ndiyo, kuna mpigaji. Lakini msikilize anayetumika naye. Mara nyingi mpigaji ni yule anayekula hela za umma, mtu wa ofisini. Muuzaji aliyekupandishia raba hana jina la aibu. Sana sana ataitwa mjanja.

WINGA, CHA JUU NA "BEI NJOO DM"

Leo Kariakoo yupo winga. Kijana hana duka, hana mtaji, ana mdomo na miguu. Anakudaka njiani, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka dukani. Mwenye duka anataka elfu arobaini na tano, winga anakutajia themanini, kinachozidi ni chake. Hicho kinaitwa cha juu.

Cha juu kipo kila mahali. Fundi anayetumwa akanunue vifaa anaweka cha juu. Dalali wa nyumba anaweka cha juu. Hata mtoto akitumwa dukani na mia tano anaweza kurudi na cha juu mfukoni. Na ukweli usemwe, winga hana mshahara. Asipoweka cha juu halali na kitu. Kumfananisha na aliyekuwa ameficha magunia ya sukari mwaka 1983 sio haki.

Lakini kinachomwezesha kupiga mara mbili ya bei ni kile kile kilichomwezesha mlanguzi: wewe hujui na yeye anajua. Zamani ulikuwa unaijua bei, mali huna. Sasa mali imejaa mpaka barabarani, bei ndiyo imefichwa. Nenda kwenye kurasa za wauza nguo mtandaoni. Picha kumi kali, saizi zote, rangi zote. Bei? "Njoo DM." Ukienda unaulizwa uko wapi na unataka lini, na kuna watu wanaapa kwamba muuzaji anaangalia kwanza picha zako ndipo anataja. Mmoja anaambiwa elfu thelathini, mwingine hamsini, na hawatajuana kamwe, kwa sababu kila mmoja yuko kwenye chumba chake cha maongezi.

Foleni ya 1983 ilikuwa mateso, ila watu walisimama pamoja, na bei ilipopandishwa wote walisikia. DM haina foleni. Unapigwa peke yako, na ukisema unachekwa, kwa hiyo unanyamaza.

NENO LINALOFUFUKA

Ulanguzi hata hivyo haujafa. Unalala tu. Unaamka kila Desemba, watu wa Moshi na Arusha wanapotaka kwenda kula sikukuu nyumbani. Nauli zimepangwa na mamlaka, zipo wazi, lakini tiketi zinaisha ghafla halafu zinaonekana mikononi mwa watu wanaozunguka stendi. Hapo hakuna anayemwambia abiria "umepigwa". Magazeti, abiria na hata viongozi wote wanalikumbuka neno la zamani: ulanguzi wa tiketi.

Liliamka tena mapema mwaka 2024, sukari ilipoadimika baada ya mvua kubwa za El Nino kuvuruga uzalishaji. Serikali ikatangaza bei elekezi. Madukani sehemu nyingi kilo ikafika 4,000 na zaidi. Ghafla watu waliozaliwa baada ya Mzee Ruksa wakawa wanaongea kama wa 1983: kuna wanaoficha, kuna walanguzi, wakamatwe.

Ukiangalia, nauli na ile sukari vina kitu kimoja ambacho raba za Kariakoo hazina. Vina bei inayojulikana na wote. Mafuta ya petroli nayo ni hivyo hivyo, EWURA inatangaza bei kikomo kila mwezi, ndio maana kituo kikizidisha hakuna anayemcheka dereva. Bei ikijulikana, lawama inakwenda kwa aliyeizidisha. Bei ikifichwa, lawama inabaki kwa aliyelipa. Neno linalotoka mdomoni linafuata hapo hapo.

Hakuna mwenye akili anayetaka foleni zile zirudi, wala baraza lile lisilo na wakili. Lakini kutoka kumfunga kila muuzaji mpaka kumcheka kila mnunuzi ni safari ndefu, na katikati ya njia kulikuwa na kitu kidogo cha maana kimedondoka: desturi ya kuambiana bei kwa sauti.

Kwa hiyo siku mshkaji akirudi na raba za elfu themanini, mcheke kidogo, utani haukatazwi. Halafu muulize ni duka gani, na uwaambie wengine.